Kadi zangu za harusi zilijibadilisha tarehe zenyewe, na Tata akaenda kuoza mtu mwingine

Wakuu, salamu kwa wote mlioamka na mnaojifanya mko kazini.

Jana kuna mtu alifungua uzi humu akilalamika ati kuna document yake ya maandishi, ndani ameweka vipande vya code, na kila akifungua hiyo document, code inaanza kurun bila kuulizwa. Mkamchekelea sana. Mmoja akamwambia arudi kidato cha kwanza.

Mimi pia nilicheka, lakini nilicheka peke yangu jikoni, vibaya, mpaka mzee wangu akaja kuuliza kama nimepigiwa simu ya mema.

Sababu hiyo kitu ya huyo kijana nilipitia mimi, miaka ya tisini, na code yangu haikuharibu report ya ofisi. Iliharibu harusi yangu.

Nawapa vile ilivyokuwa, siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Mashahidi ninao arobaini, na wengi bado wako hai na sauti zao hazijapungua.

Twende.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, natype kwa bureau moja Thika mjini, ghorofa ya kwanza, chini yetu kuna duka la mbegu. Kompyuta mbili. Printa moja, zile za ribon, ikianza kuprint watu wa duka la mbegu wanaangalia juu wakidhani dari linakatwa na msumeno.

Mwenye bureau tulimwita Madam Nyokabi. Mama mtulivu, miwani imefungwa na uzi, anasahihisha Kiingereza cha wateja bila kuwaambia.

Kazi zetu ni barua. Mikutano ya wazazi, vikundi vya akina mama, matangazo ya kanisa, matanga. Barua zilezile kila mwezi, kinachobadilika ni tarehe na majina.

Sasa mimi nilikuwa nimejifundisha BASIC, ile lugha ya kuandikia program. Hakuna mwalimu. Kulikuwa na manual pale ofisini haina jalada, nikawa naisoma saa ya lunch na chapati mkononi. Mpaka leo hiyo manual, kama iko mahali, ina mafuta yangu.

Siku moja nikapata idea. Nikaandika program.

Wacha niwaeleze kwa urahisi, hata kama hujui code utaelewa. Unaandika barua yako kawaida, maandishi matupu. Mahali unataka kompyuta ifikirie badala yako, unaweka nukta mbili na neno KAZI. Chini yake unaandika code. Ukimaliza, nukta mbili na neno BASI. Ukifungua hiyo barua na program yangu, inatoa kile kipande, inakirun, na jibu linakaa pale pale ndani ya barua kama mtu ndiye aliyeandika.

Kwa mfano, "mkutano utafanyika Jumamosi tarehe" halafu unaweka KAZI. Code inaangalia leo ni lini, inatafuta Jumamosi unayotaka, inaandika. Wewe unakunywa chai.

Wakuu, nilikuwa nimelewa na hiyo kitu. Sikuwa nimeona mtu mwingine Thika nzima akifanya hivyo. Nilitembea na hizo floppy kwa handbag kama mtu amebeba hati ya shamba.

Mtaniuliza: code ilikuwa inarun saa ngapi?

Kila saa!

Ukifungua faili, inarun. Ukiprint, inarun. Ukifungua uchungulie tu spelling, inarun. Mimi niliona huo ndio uzuri wake. Haikuningoja.

Dalili zilikuwepo. Kuna mwalimu alitaka nakala thelathini za barua, nikaweka code ya kuprint thelathini ndani ya barua yenyewe. Kesho yake akarudi akasema jina la shule limekosewa herufi moja. Nikafungua faili nimwonyeshe. Printa ikaanza. Nikashtuka nikafunga. Nikafungua tena nione kama imetulia. Thelathini zingine.

Mwalimu alisimama pale akiangalia karatasi zikianguka sakafuni, akasema pole pole, "Mimi nilitaka tu herufi moja."

Madam Nyokabi akaja, akaokota moja, akaisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Wanja. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi. Hii kitu yako inaingia mpaka jikoni na kufunua sufuria."

Nikamwambia nitarekebisha. Sikurekebisha. Nilikuwa na mambo mengine kichwani, na yalikuwa na miguu mirefu.

Aliitwa Mutua. Fundi wa malori kule Ruiru, yale malori ya kubeba mawe kutoka machimbo. Alikuja kutypiwa barua ya kuomba kazi. Nikamtypia. Akarudi wiki ijayo kutypiwa barua nyingine ya kuomba kazi, kwa kampuni ileile. Mara ya tatu nikamuuliza, "Kwani hawa watu hawajibu?" Akasema, "Sijawahi kuzituma."

Haiya! Basi hapo mnaelewa.

Mwaka haukuisha. Wazee wakaenda, wakarudi, mambo yakakubalika pande zote mbili.

Isipokuwa mtu mmoja. Tata Wangari.

Tata ni dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa anakaa huko juu upande wa Gatundu, kwa majani chai. Ndiye aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa mgonjwa. Ndiye aliyenifundisha kusuka kiondo, kupika mukimo usio na mabonge, na kujibu watu. Na ndiye alikuwa akiongoza kikundi cha akina mama cha kuimba, wanawake arobaini. Harusi bila wao, watu walikuwa wanasema, ni mkutano tu wenye keki.

Tata alikuwa ameshanichagulia bwana. Kijana wa rafiki yake, mtu mzuri tu, alikuwa na ng'ombe wa gredi na shingo fupi. Aliposikia kuna Mutua, hakuja siku ya ruracio, ya kupeleka mahari. Alituma maneno mafupi: "Huyo kijana mimi simjui."

Baba alikasirika. Lakini akasema, "Ngoja apate kadi. Dada yangu akipata kadi yenye jina lake, atakuja."

Sasa, hizo kadi nani atazitengeneza? Si mimi!

Na mnadhani nilikaa kama binadamu wa kawaida nikaandika "Jumamosi tarehe 14 Agosti"? Herufi chache hivyo? Hapana. Mimi bingwa. Nilichukua ile barua ya mikutano, nikaibadilisha maneno ikawa kadi, na pale kwa tarehe nikaacha code yangu: tafuta Jumamosi inayokuja, ongeza wiki nne.

Siku hiyo, Jumanne, ilitoa 14 Agosti. Sawa kabisa. Nilipiga makofi peke yangu.

Nikaprint kadi za watu wa Ruiru na za Thika mjini. Nilipofika za kikundi cha Tata, ribon ikaisha wino. Maandishi yakawa kivuli. Madam akasema ribon nyingine itapatikana wiki ijayo.

Wiki ijayo, Jumanne, ribon ikaja. Nikafungua faili. Nikaprint kadi arobaini na moja, kila moja na jina la mwenyewe. Nilikuwa naimba. Sikusoma hata moja. Usome nini, na maneno umeyaandika wewe?

Nyinyi mnaojua mmeshaanza kushika kichwa.

Kompyuta ilitafuta Jumamosi inayokuja, ikaongeza wiki nne. Tarehe 21 Agosti. Safi, bila kosa hata moja la hesabu.

Nikazifunga kwa bahasha, nikazipa dereva wa gari ya maziwa azifikishe huko juu.

Najua kuna mkuu atauliza, kwani hakuna mtu aliyemwambia Tata tarehe kwa mdomo? Wakuu, simu ya karibu na Tata ilikuwa posta, na ilikuwa ikifanya kazi ikijisikia. Na baba alikuwa na kiburi chake. Alisema, "Kadi imeshasema. Mimi sitambembeleza."

Ikafika tarehe 14.

Kanisa ni lile la mawe la Ruiru, upande wa kwao Mutua. Asubuhi nzuri, baridi ya Agosti imeondoka mapema. Gauni limekaa. Mutua ameng'aa mpaka kucha, na fundi wa malori kung'aa kucha ni kazi ya siku tatu.

Mpango ulikuwa kikundi cha Tata kinipokee getini, waniimbie mpaka madhabahuni. Tulikuwa tumewawekea benchi tano za mbele upande wa kushoto, zimefungwa kitambaa cheupe.

Tukangoja. Saa nne. Saa nne na nusu. Pasta akaangalia saa mara ya pili.

Tukaingia bila kuimbiwa. Kinanda kilicheza, lakini nilisikia viatu vyangu kwa sakafu.

Zile benchi tano zilikuwa tupu. Watu wa Mutua, Mungu awabariki, walianza kuhama polepole mmoja mmoja kutoka upande wao kuja kuzijaza, wakijifanya wanatafuta mahali penye hewa. Mama mkwe wangu alihama mwenyewe na kiti cha mtoto. Nililia ndani ya shela, na watu wakasema ona vile ana furaha.

Nilifurahi, sidanganyi. Niliolewa na mtu niliyempenda. Lakini nilijua kitu kimoja, ama nilidhani nakijua: Tata amekataa. Na amewakataza wote arobaini.

Baba alisema neno moja tu kwa chakula. "Wangari amenionyesha." Hakumaliza nyama.

Wiki iliyofuata tukaanza maisha. Chumba kimoja Ruiru, nyuma ya kanisa dakika tano, karibu na mashamba ya kahawa. Upande ule mnaita Membley sasa, na mageti na askari, wakati huo ni kahawa tupu na njia ya miguu. Mutua akarudi garage. Mimi Madam alinipa wiki mbili za kupumzika.

Mchana nilikuwa nacheka na jirani. Nikikaa peke yangu, nafikiria zile benchi.

Jumamosi asubuhi, Mutua ameenda kazini nusu siku, mimi niko nje kwa bomba nafua overall zake. Mnajua overall ya fundi wa malori? Unafua unajiuliza kama iliwahi kuwa na rangi. Mikono ina povu mpaka kiwiko. Nimefunga leso, nimevaa slippers, moja ya bluu na moja nyekundu.

Nikasikia kuimba.

Kwanza nikasema ni harusi ya wenyewe, hilo kanisa lina harusi kila Jumamosi. Nikaendelea kufua.

Halafu nikasikia sauti moja juu ya zingine. Sauti ya Tata inavunjika mahali pamoja, ikipanda, kama mlango wenye bawaba mbovu. Hakuna sauti nyingine kama hiyo duniani. Nimeisikia kwa mgongo wake nikiwa mtoto.

Nikasimama. Nikafikiri huzuni imenirukia akilini.

Ngemi zikalia, vile vigelegele vya akina mama. Nyingi. Nikaacha overall kwa bomba na maji yanamwagika, nikakimbia.

Wakuu. Niliingia kwa geti la kanisa nikasimama karibu na ua la miiba la kei-apple, na hapo mbele yangu walikuwa wanawake arobaini, vitambaa vya kijani vichwani vyote sawa, viondo mgongoni vimejaa, vumbi la barabara mpaka magoti. Wamepanga mistari miwili. Katikati kuna bibi harusi, mfupi kama mimi, shela nzito imefunika uso. Na mbele yake, akicheza kinyumenyume kuelekea mlango wa kanisa, Tata Wangari, mikono juu, anaongoza.

Anaongoza harusi ya mtu mwingine.

Baadaye nilielezwa. Lori walilokodisha lilipata pancha, wakafika wakiwa wamechelewa, wakapata bibi harusi ndiyo anashuka kwa gari. Hakuna muda wa kuuliza. Tata aliruka chini akasema, "Huyo ndiye! Pangeni mistari!" Na bwana harusi hata angemwona, si alishasema hamjui.

Sasa Tata, akicheza hivyo kinyumenyume, akageuza kichwa aone njia. Akaniona.

Mimi na povu langu.

Akaangalia shela. Akaniangalia mimi. Akaangalia shela tena.

Na hamtaamini, hakuacha kuimba! Mwimbishaji wa kweli haachi wimbo uanguke. Alichofanya ni kuingiza swali ndani ya wimbo, kwa sauti ileile:

"Na kama Wanja amesimama pale kwa ua..."

Na kikundi, kwa vile kazi yao ni kuitikia chochote anachosema, wakaitikia wote arobaini na furaha tele: "Amesimama! Amesimama kwa ua!"

"Huyu tunayemleta ni msichana wa nani?"

"Wa nani! Ni msichana wa nani!"

Makofi yakaendelea. Halafu kutoka ndani ya shela kukatoka sauti ndogo sana, inatetemeka, "Mimi ni Auma."

"Ni Auma! Ni Auma! Ngemi kwa Auma!"

Niliketi chini. Kwa nyasi.

Nilitegemea Tata asimamishe kila kitu. Hakusimamisha. Aliinua shela kidogo upande mmoja, akachungulia, akaona msichana analia. Akaangalia nyuma ya huyo msichana. Na mimi pia nikaangalia, ndiyo nikaona kile yeye alikuwa ameona: hakukuwa na watu. Mama mmoja mzee, kijana mmoja wa suti kubwa, na wasichana wachache wa shamba la maua alikofanya kazi. Watu wa Auma walikuwa mbali kule ziwani, waliweza kufika wawili.

Tata akarudisha shela. Akasema kwa kikundi chake, sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kazi ya shamba, "Tumemwanza. Tutammaliza."

Wakamwingiza. Nimeenda harusi nyingi tangu hiyo. Sijawahi kuona mtu akiimbiwa hivyo. Kanisa lilijaa kutoka benchi ya mbele, upande wa kushoto, benchi tano. Pasta alikuwa yule yule wetu. Aliniona nikiingia nyuma na slippers za rangi mbili akapoteza mahali alikuwa anasoma.

Tata alikuja akaketi karibu na mimi. Hakunisalimia. Alitoa kadi kutoka kifuani, imekunjwa mara nne, akanipa.

"Soma," akanong'ona.

Nikasoma. Jina langu. Jina la Mutua. Kanisa. Jumamosi tarehe 21 Agosti.

"Tata, harusi ilikuwa wiki jana."

"Kadi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Aliyeandika ni nani?"

Na hapo, wakuu, kwa hiyo benchi, nikaelewa. Niliiona hiyo code kama imeandikwa kwa ukuta wa kanisa. Jumamosi inayokuja, ongeza wiki nne. Nilifungua faili mara ya pili na ikahesabu mara ya pili. Hakuna mtu aliyeituma.

Nilianza kucheka. Nikaweka leso mdomoni. Haikusaidia. Usher akaja. Tata akamwambia, "Mwache, amefiwa," usher akaondoka na heshima.

Nikamweleza kwa kunong'ona. "Tata, ni kompyuta. Nilipofungua barua, ilihesabu tarehe tena."

"Nani aliiambia ihesabu?"

"Hakuna. Inahesabu tu ikifunguliwa."

Akafikiri. "Kwa hivyo wewe una mfanyakazi anafanya kazi bila kutumwa, na ukampa harusi yako."

Nikaikunja ile kadi tena mara nne.

Halafu kicheko kikageuka kikawa kingine. Nikamwambia ukweli, kwamba wiki nzima nimekuwa nikifikiri alikataa kuja. Kwamba niliangalia zile benchi nikasema amenitupa.

Tata alinishika mkono, na povu lilikuwa limekauka limekuwa kama chokaa. Akasema, "Nilisema huyo kijana simjui. Sikusema sikujui wewe."

Kijana wa benchi iliyokuwa mbele yetu akageuka kuona ni nani analia zaidi ya bibi harusi.

Mkifikiri iliishia hapo, hamjui akina mama wa huko juu. Auma alipotoka kanisani amewekwa pete, Tata akamwambia, "Mama, tumekusindikiza. Sasa wewe tusindikize." Na Auma, mtu ambaye asubuhi alikuwa na wageni kumi, akatembea mbele ya msafara wa watu hamsini na zaidi kuja kwa chumba changu kimoja, na gauni lake jeupe, kupitia njia ya kahawa. Bwana yake amebeba sufuria ya pilau. Walikuwa wamepika chakula cha watu wengi kwa matumaini.

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Landlord amesimama hapo na mikono kiunoni akingoja kunigombeza. Aliona wale wanawake, akafunga bomba mwenyewe, akaenda kutafuta viti.

Mutua akarudi saa saba. Overall, grisi mpaka masikioni, soda mkononi. Akasimama kwa kona akaona plot yake imejaa vitambaa vya kijani na bibi harusi asiyemjua ameketi kwa kitanda chake akila.

Akaniuliza, "Wanja, kwani tumeoa tena?"

Tata akasimama. Akamzunguka mara moja, polepole, kama mtu anakagua fahali. Akamshika kidole, akaangalia grisi. "Ni wewe unatengeneza magari?"

"Ndiyo, mama."

"Lori letu lina pancha tena na linatoa moshi mweusi. Liko pale barabarani."

Mutua akaweka soda chini akaenda. Hakubadilisha hata nguo. Tulimwona kwa mbali amelala chini ya lori na wanawake watatu wakimwimbia. Aliporudi, Tata akasema mbele ya watu wote, "Sasa namjua."

Ngemi zilizolia hapo, hakuna kanisa lingeziweza.

Basi wakatusimamisha, mimi na slippers zangu, yeye na grisi yake, wakatuimbia wimbo wote tangu mwanzo, ule uliokuwa wangu wiki moja kabla. Viondo vikafunguliwa. Ndizi, waru, njahi, kuku mmoja mzima aliyetoroka akakamatwa kwa jirani. Kila kitu kiligawanywa mara mbili, nusu yangu nusu ya Auma.

Kesho yake Tata alipitia kwa baba Thika. Mama aliniambia baadaye kwamba hawakusalimiana. Tata aliweka kadi yake mezani. Baba akaenda akaleta ya kwake. Akaziweka pamoja, akavaa miwani, akasoma moja, akasoma nyingine, akarudia. Halafu akaenda jikoni akampikia dada yake chai kwa mkono wake. Baba yangu! Mama alisema ilikuwa mbaya sana hiyo chai, na Tata alikunywa vikombe viwili.

Niliporudi kazini nilimweleza Madam Nyokabi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Leo hautypi barua ya mtu. Leo unafunza hiyo kitu hodi."

Nikakaa siku nzima. Nikaongeza neno moja baada ya KAZI. Ukiandika KAZI KILA, inarun kila mara, kama zamani, hiyo ni ya vitu vya kubadilika kweli. Ukiandika KAZI ULIZA, inasimama inakuuliza ndiyo ama hapana, na isipopata jibu haigusi kitu. Na ukiandika KAZI MARA, inarun mara moja tu, inaacha jibu kwa barua, halafu code yenyewe inafungwa hata ufungue faili mara mia. Na kama hujaandika neno lolote? Haifanyi kitu. Hilo ndilo niliona la maana kuliko yote: kikinyamaziwa, kinyamaze.

Mpaka leo nikiona hizi systems za kisasa mnazotumia, zenye notebook na documents zinazorun code ndani, kitu cha kwanza natafuta ni hiyo setting. Inarun lini? Kwa ruhusa ya nani? Na kama nataka jibu la leo likae vile lilivyo, nalifunga wapi?

Kwa hivyo funzo langu kwa yule kijana wa jana, na msimcheke tena: kuna vitu unataka kompyuta ihesabu upya kila siku, na kuna vitu vikishasemwa vimesemwa. Ukishindwa kuvitofautisha wewe, usitegemee mashine ikutofautishie. Na hata kama ni wewe uliyeandika, soma kabla hujafunga bahasha.

Sasa nipeni zenu. Nani humu code yake iliwahi kumkimbia bila ruhusa, na ilifika wapi? Madaktari wa computer mniambie pia kama kulikuwa na njia rahisi zaidi ya kufanya nilichofanya, maana mimi nilijifundisha na chapati mkononi.

Mniwie radhi nikichelewa kujibu. Tata yuko hapa, amekuja kukaa wiki mbili, amepita miaka themanini na sasa ana simu yake mwenyewe. Wiki jana mjukuu alimtumia invitation ya graduation kwa WhatsApp. Akampigia simu moja kwa moja, hata hakumsalimia.

"Hii tarehe, ni wewe umeandika ama imejiandika?"